Tonge, Tope na Magunzi: Kuufunza Mkono wa Mtoto Kabla ya Kalamu

Mtoto wa miaka mitatu akiketi mbele ya sahani ya ugali na mlenda, mtazame mkono wake. Anamega kipande kwa ncha za vidole. Anakifinyanga kiganjani mpaka kiwe tonge. Anakibonyeza kwa kidole gumba ili kipate kishimo, kisha anakunja kifundo cha mkono, anachota mboga na kuikimbiza kinywani kabla haijachuruzika hadi kwenye kiwiko. Mara nyingi inachuruzika. Hata hivyo, katika tonge hilo moja amefanya mambo manne ambayo mwalimu wa darasa la awali atayahitaji kwake miaka miwili baadaye: amebana kwa vidole, amekaza kiganja, ametumia kidole gumba peke yake na amezungusha kifundo.

Tuchukue mfano wa Idodi, kata ya Wilaya ya Iringa, upande wa magharibi, kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ukitoka mjini Iringa unateremka kutoka kwenye baridi ya milima hadi nchi ya joto yenye mibuyu na mikwaju, mpunga wa kumwagilia na mahindi, na tembo wanaovamia mashamba. Mzazi wa huko anayesikia kwamba mtoto anahitaji vichezeo ili akili yake ikue anaweza kudhani anaambiwa akanunue kitu mjini. Hahitaji. Ua wa nyumba yake, hasa wakati wa mavuno, una karibu kila kitu kinachotakiwa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mzima wa kuketi chini na mtoto kwa robo saa, anayejua ampe nini, kwa umri gani, na nini asimpe kabisa.

Mkono wa mtu mzima una mifupa 27. Minane kati ya hiyo ni midogo, imepangana kwenye kifundo kama kokoto. Mtoto anapozaliwa ile minane bado ni gegedu laini. Inageuka kuwa mfupa mmoja baada ya mwingine kadiri miaka inavyokwenda, na wa mwisho huchelewa hadi mtoto afikishe miaka tisa, wengine hata kumi na miwili. Mkono wote bado unakua, ndiyo maana mtoto wa miaka mitatu akishikishwa penseli na kuamriwa ajaze ukurasa mzima wa herufi «a», anaishika kwa ngumi na kuisogeza kwa bega zima, na baada ya mistari miwili anachoka. Watu husema mvivu. Mkono wake haujawa tayari, na fimbo haiharakishi mfupa.

Kinachousaidia ni mchezo wa kugusa: kubinya, kumenya, kumimina, kuchambua, kusokota. Humo milango ya fahamu na misuli midogo ya vidole hufanya kazi pamoja. Ngozi inaiambia akili kwamba hiki ni kigumu, kile kinateleza, na akili inaujibu mkono kaza, legeza, geuza. Mazungumzo hayo yakirudiwa mara elfu, kalamu inapokuja inakuta vidole vyenye nguvu na utii.

Kwa Mkoa wa Iringa suala hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza Tanzania kwa udumavu: asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Haya ni katika mkoa unaolisha mikoa mingine. Udumavu hauishii kwenye kimo, unagusa pia ubongo na uwezo wa kujifunza. Chakula bora ndicho cha kwanza, na hakuna mchezo unaoziba pengo la lishe. Lakini chakula peke yake nacho hakitoshi, na ushahidi wa jambo hili ulipatikana mbali sana na Idodi, katika vitongoji maskini vya Kingston, Jamaika.

Huko, katika miaka ya 1980, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa kati ya miezi 9 na 24. Baadhi walipewa chakula cha nyongeza. Baadhi walitembelewa nyumbani kila wiki na mhudumu wa afya wa jamii, aliyekaa kama saa moja akimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mikono. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata chochote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba chakula kilisaidia, mchezo ulisaidia, na waliopata vyote viwili ndio waliopiga hatua ndefu zaidi. Miaka ishirini baada ya kazi hiyo watafiti waliwatafuta tena, wakiwa sasa watu wazima. Waliotembelewa na kuchezeshwa utotoni walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa na hawakutembelewa. Chupa, makopo, vitambaa, na mtu wa kukaa naye.

Tanzania ina mpango wake unaofuata njia hiyo. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahusu watoto kuanzia kuzaliwa hadi miaka minane. Inaweka pamoja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Neno «mwitikio» ndilo la kushika. Mtoto akiinua gunzi na kukutazama, ameuliza swali, na mlezi anayejibu anafundisha.

Kabla ya kuanza kuna jambo la heshima. Vitabu vingi vya nje hupendekeza mtoto achezee bakuli la mchele uliotiwa rangi au unga wa ngano uliokandwa kwa chumvi. Bibi wa Kihehe akiona mchele mzima unamwagwa kwa ajili ya mchezo atakasirika, na ana haki. Chakula hakichezewi. Uzuri ni kwamba si lazima kuchezea chakula ili mkono ufunzwe. Mtoto anaweza kushiriki katika kazi ya chakula, na hapo mchezo unaacha sahani tele badala ya uchafu. Pale inapohitajika kitu cha kukanda, udongo upo.

Tuanze na mtoto mchanga wa miezi michache. Mtoto mchanga hukamata kidole cha mama bila kukusudia. Kufikia miezi minne au mitano anaanza kukifuata kitu kwa mkono, na karibu na miezi sita anakihamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Wakati huo mlaze au mkalishe mkekani na umpe vitu vyenye ngozi tofauti, kimoja kimoja: mwiko mdogo uliooshwa, kikombe cha bati, kipande cha dodoki kikavu, pindo la khanga. Mpe muda. Atakipeleka mdomoni, maana mdomo ndio mlango wake mkubwa wa kujua, kwa hiyo kila kitu kiwe kimeoshwa na kiwe kikubwa. Chupa ya maji ya nusu lita yenye punje thelathini za mahindi ndani yake ni kayamba safi, almradi kifuniko kimebanwa kwa gundi na kukaguliwa kila siku. Siku kifuniko kikilegea, chupa hiyo imestaafu.

Kuna kichezeo kingine ambacho watoto wa miezi minane hadi kumi na minne hawakichoki. Chukua kopo la maziwa ya unga, toboa kifuniko cha plastiki tundu la upana wa vidole viwili, kisha funganisha vipande vya khanga kuukuu mkia kwa mkia na kuviingiza ndani, ncha ikichungulia nje. Mtoto anavuta, kitambaa kinatoka, kingine kinafuata. Hapo anajifunza kukaza vidole na kuvuta kwa kipimo. Asiachiwe peke yake nacho, kwa sababu kitambaa kirefu kinaweza kujizungusha shingoni. Mchezo ukiisha kopo linarudi juu ya kabati.

Kati ya miezi tisa na mwaka mmoja hutokea jambo kubwa kimya kimya: kidole gumba na cha shahada vinakutana. Mtoto anaokota chembe sakafuni. Wazazi hutamani kumpa shanga au punje aendelee kuokota, na hapo ndipo hatari ilipo. Kitu bora cha kuokota kwa umri huo ni kile anachoweza kukimeza: wali ulioiva vizuri, kipande laini cha kiazi kitamu, ndizi mbivu iliyokatwakatwa, parachichi. Mwekee vipande vitano kwenye sahani ya bati badala ya kumlisha kila kitu kwa kijiko. Atachafuka. Mkono unajifunza, tumbo linashiba, na kwa mkoa wenye udumavu mkubwa hakuna mchezo mmoja wenye faida mbili kama huu.

Kwa watoto wote chini ya miaka mitatu kuna kipimo kimoja cha kukumbuka, na kila duka la kijijini lina kifaa chake: kisoda cha chupa ya soda. Upana wake ni kama sentimita tatu, karibu sawa na kipimo kinachotumiwa na wakaguzi wa vichezeo duniani kutambua kitu kinachoweza kuziba koo la mtoto. Chochote kinachoweza kujificha chini ya kisoda, mtoto huyo asipewe. Maharage, karanga, punje za mahindi, kokoto, mbegu za ubuyu na za ukwaju, vifungo vya shati, vyote vinaanguka hapo. Kisoda chenyewe nacho asipewe, kina meno.

Baada ya mwaka mmoja, magunzi yanakuwa dhahabu. Gunzi lililopukuchuliwa ni jepesi, lina mikwaruzo mizuri kiganjani, na halina gharama. Kata vipande vya urefu wa kidole cha mtu mzima. Mtoto wa mwaka na nusu anaweza kusimamisha viwili vitatu, akavipanga safu, akaviingiza kwenye kopo lenye tundu na kusikia kila kimoja kikigonga chini. Akikaribia miaka miwili, lifunge gunzi kwa kipande cha kitambaa, na tayari ni mtoto wa kubebwa mgongoni. Kumfunga na kumfungua mtoto huyo wa gunzi ni kazi ya vidole ambayo hakuna mwalimu angeweza kuipanga vizuri zaidi.

Maji nayo yanapendwa na watoto wote. Weka beseni mbili, moja na maji kidogo, na umpe dodoki. Alichovye, alibebe, alikamue kwenye beseni ya pili. Kukamua dodoki mara kumi kunafanyisha kazi misuli ile ile ya kiganja itakayoshika mkasi na jembe. Kisha mpe vikombe viwili amimine, kutoka hiki kwenda kile, bila kumwaga. Mtu mzima awepo mwanzo hadi mwisho. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu, hivyo mchezo ukiisha maji yamwagwe papo hapo, kwenye mche wa mpapai kama upo karibu.

Sasa udongo, ambao unastahili kuelezwa kwa kirefu kuliko vingine. Udongo wa kichuguu na udongo wa mfinyanzi ndio bora, kwa sababu ni laini na unashikamana. Uchukue mahali pakavu, mbali na choo na zizi. Usimtume mtoto kuuchota kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, maana maji yaliyotuama ya umwagiliaji ndimo konokono wa kichocho wanamoishi, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mguu uliotumbukia. Uponde, uchekeche ili mawe na vioo vitoke, uanike juani siku mbili. Kisha tia maji kidogo kidogo huku ukikanda kama unga wa chapati.

Namna ya kujua kama umeiva ni rahisi. Viringisha kipande kiwe kinene kama kidole, kizungushe kwenye kidole chako. Kikipasuka, ongeza maji. Kikinata na kubaki mkononi, ongeza udongo mkavu. Kikizunguka bila kupasuka wala kunata, mwite mtoto.

Mtoto wa miaka miwili atapiga, atachoma kwa kidole na kumega. Mwache. Huko kumega ndiko somo lenyewe. Wa miaka mitatu ataviringisha nyoka kwa viganja viwili na kufinyanga vimatonge. Wa minne ataunganisha vimatonge na kumtengeneza mnyama, na Idodi mnyama huyo mara nyingi atakuwa ng'ombe au tembo, kwa sababu watoto hufinyanga wanachokijua. Mkonga wa tembo ni mtihani mzuri wa vidole: lazima ubinywe uwe mwembamba, upindwe bila kukatika, na ubandikwe kwa maji. Mwulize tembo wake anakwenda wapi, amekula shamba la nani. Zungumza naye kwa lugha ya nyumbani, Kihehe au Kiswahili au nyingine, na umpe maneno ya mikono yake: laini, mgumu, baridi, unanata, unateleza, umekauka. Udongo unaobaki uvikwe kitambaa chenye unyevu ndani ya kopo lenye kifuniko, utadumu wiki nzima.

Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya udongo, na kucha ziwe fupi. Minyoo hupitia hapo. Watoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano hupewa dawa za minyoo mara mbili kwa mwaka pamoja na matone ya vitamini A katika mwezi wa afya na lishe ya mtoto, na mzazi anayemruhusu mtoto acheze udongo asikose siku hizo.

Akishavuka miaka mitatu, na kama hana tena tabia ya kutia kila kitu mdomoni, ungo unamkaribisha. Kupukuchua mahindi ni zoezi la kidole gumba lisilo na mfano. Hindi kavu likiwa zima litamshinda na kumkatisha tamaa, kwa hiyo mtu mzima afungue kwanza mistari miwili ya punje, halafu ampe mtoto asukume mstari wa tatu uangukie kwenye nafasi iliyo wazi. Sauti ya punje zikidondoka kwenye ungo ndiyo zawadi yake. Kumenya karanga kunatumia vidole vyote viwili, gumba na cha shahada, pamoja na kipimo: ukibonyeza sana unaponda. Kuchambua mchele, kazi ya kila siku katika nyumba za wakulima wa mpunga, kunataka jicho na vidole vishirikiane kuokota jiwe dogo jeupe kati ya punje nyeupe. Mtoto wa miaka minne ataona mawe matatu, bibi ataona kumi. Baada ya miezi michache tofauti hiyo inapungua. Maharage ya rangi mchanganyiko hupangwa kwenye vikombe kwa rangi, mekundu huku, ya njano kule, na hapo hesabu inaanza bila ubao.

Mbegu na nafaka zina hatari zake na mlezi azijue kwa majina. Mbegu za kupanda zinazouzwa dukani hupakwa dawa, na mara nyingi hutiwa rangi ya waridi, kijani au buluu ili zitambulike. Zinavutia macho ya mtoto, na ni sumu. Mbegu za mbarika, zile zenye madoa mazuri, ni sumu. Mbegu nyekundu zenye jicho jeusi za mtipitipi ni sumu kali, hata kama zinapendeza kwenye shanga. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zisiguswe kwa mchezo wala kwa chakula; sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Na makopo yaliyokuwa na dawa za shambani au za mifugo hayageuki kuwa vichezeo hata yakioshwa mara saba.

Watoto wa miaka miwili hadi minne pia hupenda kutia harage puani au sikioni. Likikaa humo linavimba kwa unyevu. Usilichokonoe kwa kijiti wala pini, utalisukuma ndani. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Wanawake wa Iringa wanajulikana hadi nje ya nchi kwa vikapu vya milulu, aina ya majani ya kwenye ardhi yenye maji, yanayosukwa kuwa vyombo vya kubebea na kuhifadhia. Nyumba yenye msukaji ina shule ya vidole mlangoni. Mabaki ya milulu yasitupwe. Mtoto wa miaka minne anaweza kuyasokota mawili yawe kamba, wa mitano akajaribu kusuka mashina matatu kama nywele. Pasipo milulu, kata kipande cha boksi, toboa matundu kumi kuzunguka ukingo, chukua kamba ya kiatu au uzi mnene uliochovywa ncha yake kwenye nta ya mshumaa ili uwe mgumu, na umwonyeshe kupitisha juu, kutoa chini. Shati kuukuu la baba lenye vifungo vikubwa, likivalishwa mto, linafundisha kufunga na kufungua. Mtoto akiweza kufunga vifungo vyake mwenyewe kabla hajaanza darasa la awali, asubuhi ya nyumba nzima inakuwa nyepesi.

Kuandika nako kunaanzia kwenye kugusa. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa wazifuatishe kwa vidole kabla hawajashika kalamu. Herufi kama hizo zinatengenezeka nyumbani: chora herufi kubwa kwenye kipande cha boksi, ipake uji mzito wa unga wa muhogo, nyunyizia mchanga mkavu, acha ikauke. Anza na herufi ya kwanza ya jina lake. Au tandaza mchanga laini kwenye sinia, uchore mstari kwa kidole, naye achore wake. Mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida anaweza kuiga duara, wa minne msalaba, wa mitano pembetatu. Akichelewa kidogo si shida. Ukifika wakati wa chaki au mkaa, mpe kipande kifupi. Kipande kirefu hukamatwa kwa ngumi, lakini kifupi cha urefu wa kifundo cha kidole hakishikiki isipokuwa kwa vidole vitatu, na huko ndiko kushika kalamu.

Michezo ya wakubwa inasubiri mbele. Katika bao la mashimo yaliyochimbwa ardhini, mtoto wa miaka mitano au sita hukumbatia kete kiganjani na kuziachia moja moja kila shimo. Kuhifadhi nyingi huku ukitoa moja ni ustadi mgumu kuliko unavyoonekana. Mdako ni mgumu zaidi: dako linarushwa juu, kokoto zinakombwa nje ya kishimo, na mkono ule ule unalidaka kabla halijagusa chini. Ni mchezo wa kuanzia miaka sita au saba. Unapotea polepole pale watoto wanapokabidhiwa simu, na ni hasara. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto chini ya mwaka mmoja asitazame skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Kioo cha simu kina ngozi moja tu, na kidole kikiteleza juu yake hakikazi chochote.

Juu ya mkono wa kushoto, mila zina neno lake: kula na kupokea ni kwa mkono wa kulia. Mtoto anaweza kufundishwa adabu hiyo ya mezani. Lakini katika mchezo na baadaye katika kuandika, mwachie mkono aliouchagua mwenyewe, uchaguzi ambao huonekana wazi kati ya miaka miwili na minne. Kinyume chake, mtoto ambaye hajafikisha mwaka na tayari anautumia mkono mmoja tu huku mwingine umelala, aonwe na mhudumu wa afya. Hali kadhalika yule ambaye ngumi zake hazifunguki baada ya miezi minne, asiyefikia wala kushika kitu akiwa na miezi saba, au aliyekuwa anaweza jambo na sasa hawezi tena. Apelekwe na kadi yake ya kliniki, mapema, bila kungoja atakavyokuwa.

Wala ulemavu si sababu ya kumnyima mtoto mchezo. Mjini Iringa, katika karakana ya Neema Crafts iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, watu wenye ulemavu wanasuka, wanatunga shanga na kutengeneza karatasi kutokana na kinyesi cha tembo. Mikono iliyodhaniwa haina kazi inaingiza kipato. Mtoto mwenye ulemavu wa mikono anahitaji gunzi nene zaidi, udongo laini zaidi na muda mrefu zaidi, basi.

Haya yote hayataki ratiba. Robo saa jikoni, robo saa uani, mara moja au mbili kwa siku. Baba naye aketi. Vidole vyake vinene vikimenya karanga polepole ni kitu ambacho mtoto atakitazama kuliko katuni yoyote. Mtoto akichoka atainuka mwenyewe, asirudishwe kwa nguvu. Akiharibu, asichekwe. Mchezo ukiisha, hesabu vipande ulivyompa na uhakikishe vyote vimerudi, funika kopo la udongo, mwaga maji ya beseni, mwoshe mikono kwa sabuni. Jioni ya leo, ungo ukitoka ndani, mwite aje aketi kando yako, umfungulie mistari miwili ya hindi, na umwachie wa tatu.